Samaki wazima, mfugaji mgonjwa: uchambuzi wa kisa cha mzio wa chakula cha samaki

Kisa hiki ni cha mtu mzima anayefuga samaki wa mapambo nyumbani, ambaye mwili wake ulikataa si samaki, bali chakula alichokuwa akiwalisha. Kimeandikwa kwa ridhaa yake. Umri, kazi, mahali anapoishi na kituo alikotibiwa vimeondolewa, na mambo madogo yasiyogusa tiba yamebadilishwa. Nilihusika kama mfugaji mwenzake, niliyeitwa kukagua chumba cha matangi baada ya daktari kuanza kukishuku. Ya chumbani nimeyaona mwenyewe. Ya hospitali nimeyatoa kwenye kumbukumbu za matibabu alizonipa nizisome.

Mara kadhaa mgonjwa aliulizwa kama anafuga mnyama nyumbani, na kila mara alijibu ukweli: anafuga samaki. Jibu likaandikwa, safari ikaendelea. Samaki hana manyoya, hapukutishi ngozi hewani wala halali kitandani na mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi.

Usuli

Alikuwa na matangi manne katika chumba kimoja kidogo, mengi yakiwa na diskasi, samaki wanaosifika kwa kuchagua chakula. Asubuhi waliletewa punje za kawaida. Jioni walipata viluwiluwi vyekundu vilivyokaushwa kwa kugandishwa, vile vinavyouzwa kwa jina la minyoo ya damu. Hununua kopo kubwa, kisha hugawa kwenye vichupa vidogo ili visinyonye unyevu. Samaki wadogo hawawezi kumeza kiluwiluwi kizima, basi alikuwa akivisaga kwa vidole juu ya maji, kama mtu anayenyunyiza chumvi. Ameishi na mtindo huo kwa miaka bila shida.

Utotoni aliwahi kuwa na mafua ya mzio yaliyohusishwa na utitiri wa vumbi la nyumbani. Hakuwahi kuugua pumu. Samaki na kamba anakula bila tatizo, na jambo hili tutalirudia kwa sababu liliwapoteza wengi.

Viluwiluwi hivyo si minyoo. Ni watoto wa wadudu wa jamii ya Chironomidae, usubi wasiouma wanaotaga majini. Huishi kwenye tope lenye oksijeni haba, na wekundu wao unatokana na himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Himoglobini ya binadamu imefungiwa ndani ya seli nyekundu, na molekuli yake ina uzito wa kilodaltoni (kizio cha kupimia uzito wa molekuli) 64 hivi. Ya kiluwiluwi huelea huru katika majimaji ya mwili wake, na nyingi ni vipande vidogo vya takriban kilodaltoni 16. Protini ndogo inayoyeyuka kwa urahisi katika maji hupenya utando wa pua na macho bila taabu. Watafiti wa Ujerumani, akiwemo Xaver Baur, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba himoglobini hizi ndizo kizio kikuu, yaani kitu kinachochochea mzio, na leo kizio hicho kinaandikwa Chi t 1, kutokana na jina la Chironomus thummi. Kabla ya hapo, kaskazini mwa Sudani kando ya Mto Nile, usubi wa jamii hiyohiyo aitwaye Cladotanytarsus lewisi alikuwa amekwisha kujulikana kwa kuwasababishia watu pumu anapozuka kwa makundi. Wale hawakuhitaji tangi. Mdudu aliwafuata hadi mlangoni.

Mambo yalivyofuatana

Dalili za kwanza zilikuwa chafya na kamasi nyepesi kama maji. Zilimjia jioni, akazidhania mafua. Baada ya miezi michache kikaongezeka kikohozi kikavu cha usiku, cha saa saba au saa nane, kilichomwamsha na kifua kimebana.

Kikohozi hicho ndicho kilichoichanganya picha. Analisha samaki saa mbili usiku. Kifua kinabana saa sita baadaye akiwa kitandani. Nani angeunganisha? Lakini mzio wa njia ya hewa mara nyingi huja kwa mikupuo miwili: wa kwanza ndani ya dakika chache baada ya kuvuta kizio, wa pili saa nne hadi nane baadaye, uvimbe unapokuwa umejijenga kwenye mirija ya mapafu. Mkupuo wake wa kwanza ulikuwa mwepesi, chafya tatu nne tu. Wa pili ndio uliokuwa mzito, na ulimkuta kwenye godoro. Basi godoro likashtakiwa.

Alipewa antibiotiki, na zilipokwisha akapewa nyingine. Hazikusaidia. Kituo cha pili kikafikiria mzio, wakapima, na kipimo cha utitiri kikawa chanya kama ilivyotarajiwa. Aliambiwa aondoe zulia, afue mashuka kwa maji ya moto na afunike godoro. Alifanya yote. Kwa kuwa alitaja samaki, wakapima pia mzio wa nyama ya samaki. Hasi. Kuanzia hapo samaki wakafutwa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kisha akasafiri kwa wiki mbili. Chafya zikakoma na usiku akalala. Aliporudi, jioni ya kwanza tu, macho yakamwasha na kikohozi kikarejea. Maelezo aliyopewa ni kwamba nyumba ilifungwa muda mrefu ikashika vumbi. Si maelezo ya kipuuzi. Ila hakuna aliyeuliza alifanya nini jioni ile, na jibu lilikuwepo: jamaa aliyewatunzia samaki alikuwa amewalisha punje peke yake, na mwenyewe aliporudi aliwaonea huruma, akafungua kopo jipya la viluwiluwi na kuligawa kwenye vichupa pale pale mezani.

Muda mfupi baadaye kope za jicho la kulia zikaanza kuvimba baadhi ya jioni. Alikwenda kliniki kwa ajili ya jicho, na muuguzi aliyekuwa akimwandikisha ndiye aliyefungua mlango. Mazungumzo, kama mgonjwa alivyonisimulia, yalikuwa mafupi:

“Unafuga chochote?”

“Samaki tu, dada.”

“Wanakula nini?”

“Chakula cha samaki.”

“Kipi? Unakishikaje?”

Alipoonyesha kwa vidole jinsi anavyosaga, muuguzi akamwambia asubiri, akaenda kumwita daktari.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupata ushahidi kabla ya kuondoa chochote. Alipewa kifaa cha kupimia nguvu ya pumzi apulize asubuhi, kabla ya kulisha, baada ya kulisha na kabla ya kulala, aandike kila kitu kwenye daftari. Siku za viluwiluwi, pumzi ya usiku ilishuka kutoka takriban lita 480 kwa dakika hadi 350. Siku za punje ilibaki juu ya 450.

Aliambiwa pia alete vyakula vyote kliniki, kila kimoja kwenye mfuko wake uliofungwa. Kipimo cha kuchoma ngozi kilihitaji aache dawa za antihistamini, zile za kutuliza mzio, kwa wiki nzima, kwa sababu zinaizima ngozi isijibu, nacho hakifanywi pumu ikiwa haijatulia. Basi wakaanza na damu, kutafuta kingamwili za IgE, zile zinazohusika na mzio, dhidi ya viluwiluwi; kipimo hicho hakisumbuliwi na antihistamini. Majibu yangechukua muda.

Wakati wa kusubiri, mfugaji na daktari walikubaliana hatua ya kati. Ataacha viluwiluwi vikavu, atumie vilivyogandishwa kwenye barafu. Hoja yao ilieleweka: adui ni vumbi, na kitu chenye maji hakitoi vumbi. Mwenzi wake angelisha siku ambazo dalili ni mbaya. Glavu zilitajwa, lakini kama jambo zuri la kufanya, si sharti.

Pua ikapata nafuu karibu mara moja. Kikohozi kikapungua nusu. Wote wakafurahi, na hapo ndipo tahadhari ilipolegea.

Jioni moja alikuwa amekwangua ukungu wa kijani kwenye kioo cha tangi kwa wembe, akajikata kidogo kwenye kidole. Hakuosha wala kufunga kidonda. Akatoa vipande vya barafu, akaviyeyusha kwenye kichujio chini ya bomba, akivikandamiza kwa mkono mtupu ili maji mekundu yatoke yasichafue tangi. Kiganja kikaanza kuwasha kabla hajamaliza. Akajifuta jicho kwa mkono uleule. Ndani ya dakika kumi alikuwa na mabaka yaliyovimba hadi kwenye viwiko, kope zote mbili zimefumba, kifua kinatoa mluzi na kichwa kinazunguka.

Alimeza kidonge cha antihistamini, akaenda kukaa bafuni na kufunga mlango, ili asiwatishe watoto. Mwenzi wake alimkuta ameegemea ukuta, anajibu kwa neno mojamoja. Hospitalini alichomwa adrenalini kwenye msuli wa paja kwa nje, akalazwa chali na miguu imeinuliwa, akapewa oksijeni na dawa ya kufungua mirija. Walimweka chini ya uangalizi usiku kucha, kwa kuwa mshtuko wa mzio unaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia.

Majibu ya damu yalipofika yalikuwa chanya kwa kiwango cha juu. Baadaye, pumu ilipotulia, kipimo cha ngozi kikafanywa kwa tone la maji ya viluwiluwi hivyohivyo. Uvimbe ulifika milimita 9. Unaohesabika kuwa chanya ni milimita 3 kuzidi tone la maji ya chumvi la kulinganishia. Tone hilohilo lilijaribiwa kwa wahudumu wawili wasio na mzio waliojitolea, ngozi zao zikakaa kimya. Hatua hiyo huwa inarukwa, nayo ndiyo inayothibitisha kwamba kitu hakiwashi kila mtu kwa ukali wake chenyewe.

Chumba

Viluwiluwi vikavu vilikuwa havipo nyumbani tangu majuma kadhaa, lakini mfugaji bado alipiga chafya kila alipoingia kwenye chumba cha matangi. Ndipo nilipoitwa, nikavaa barakoa.

Niliuliza kwanza feni ilikaa wapi. Ilikuwa juu ya kabati, imeelekezwa kupitia meza ya kulishia kwenda kwenye matangi, ili kupooza maji. Kwa maneno mengine, kila mara kopo lilipofunguliwa, upepo uliokota vumbi na kulisambaza chumbani. Nikapitisha kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya kifuniko cha taa ya tangi lililo mbali zaidi na meza. Kilirudi na rangi ya tofali. Nyuzi za vifuniko vya vichupa, zile sehemu za kufungia kwa kuzungusha, zilikuwa zimejaa unga mwekundu uliogandamana. Kila ukizungusha kifuniko, kidogo kinasagika na kuruka. Bawaba za kabati, droo ya vibano, mkunjo wa pazia, kote ulikuwepo.

Tulifuta, hatukufagia. Ufagio ungerudisha hewani kile kilichokwisha kutua. Vitambaa vyenye maji, vikitumika mara moja na kutupwa, kuanzia juu kwenda chini, feni imezimwa, na mfugaji yuko nje ya nyumba. Vichupa vyote vilitupwa vikiwa vimefungwa. Pazia lilifuliwa. Kichujio cha viluwiluwi, kilichokuwa kikioshwa kwa sifongo ya vyombo vya jikoni (jambo lililonishtua kuliko yote), kilitupwa pamoja na sifongo.

Hata baada ya hapo zilibaki chafya chache za asubuhi. Ilibidi tusome maandishi madogo kwenye makopo ya chakula kingine. Chakula kimoja cha vipande vyembamba, chenye picha ya mwani mbele, kilikuwa na viluwiluwi vya wadudu katikati ya orodha ya viambato. Nacho kikaondoka.

Matokeo

Pumu ilitulia kwa dawa ya steroidi ya kuvuta. Pumzi ya usiku sasa haishuki. Anaruhusiwa kukaa na sindano mbili za adrenalini, moja chumbani kwa matangi na moja mfukoni, na mwenzi wake amefundishwa kuchoma. Viluwiluwi vya aina yoyote, vikavu, vya barafu au hai, haviingii nyumbani.

Samaki wamebaki. Wengi walitarajia ashauriwe kuwauza, na daktari alilifikiria. Kilichomzuia ni ushahidi: kipimo cha maji ya tangi kwenye ngozi kilikuwa hasi, na siku za punje pumzi ilikuwa nzuri. Kumwondolea mtu jambo analolipenda bila sababu humfanya afiche dalili mara ijayo.

Diskasi waligoma kula punje kwa siku nyingi, wakajificha nyuma ya magogo na rangi zikawafifia. Walikubali baada ya punje kulowekwa kwenye kikombe chenye maji ya tangi hadi zikalainika. Kuloweka huko kumebaki kuwa desturi, kwa sababu kunaua vumbi pia: kopo linafunguliwa chini ya usawa wa pua, punje zinachotwa kwa kijiko kuingia majini, kopo linafungwa, ndipo kikombe kinapelekwa kwenye tangi. Glavu ni za nitraili, zisizo na unga.

Uchambuzi

Kilichoponya kisa hiki ni swali la “unakishikaje?”. Wengi wanaofuga samaki hawahesabu chakula cha samaki kuwa kitu wanachovuta kwa pua. Daktari akitaka kujua, inafaa aulize aina ya chakula, kama ni kikavu au cha barafu, nani anakishika, na saa ngapi. Jibu la “samaki tu” linaficha wadudu, uduvi wa Artemia, viroboto maji wa Daphnia, krili (jamaa wadogo wa kamba wa baharini) na unga wa samaki, vyote ndani ya kopo moja.

Daftari la pumzi nalo lilifanya kazi ambayo kumbukumbu ya mgonjwa isingeweza, hasa kwa dalili za usiku. Bila tarakimu zile, godoro lingebadilishwa tena.

Sasa yaliyokwama. Kuhama kutoka kikavu kwenda cha barafu kulitatua tatizo la hewa na kuliongeza la ngozi. Kizio hakikupungua, kilibadilisha njia. Maji mekundu yanayotoka kwenye kipande kilichoyeyuka ni himoglobini iliyoyeyushwa, tayari kuingia kwenye jicho au kidonda, na aliyekuwa akivuta vumbi kidogo sasa alikuwa akikandamiza dozi nzima kiganjani. Kwangu mimi, hatua ya kati ilistahili kuwa kuacha kabisa hadi majibu ya damu yatoke. Samaki wenye afya hawafi kwa kula punje majuma machache.

Nafuu ya nusu ilisomwa kama uthibitisho wa njia sahihi. Nadhani ilipaswa kusomwa kama onyo: mwili unaojibu haraka hivyo kwa kupunguza kizio umekwisha kuwa mwepesi wa kushtuka, na kikohozi kilichobaki kilisema kizio bado kipo ndani.

Mwenzi kulisha badala ya mgonjwa kulisaidia kidogo mno, kwa sababu alilisha chumba kilekile, feni ileile, na mgonjwa akaingia dakika tano baadaye kuangalia samaki wanakula. Hilo la kuangalia halikumjia mtu akilini kulikataza, ilhali ndilo raha yenyewe ya kufuga.

Kidonge bafuni ndicho kilichokuwa hatari kuliko yote. Antihistamini hutuliza kuwasha na mabaka. Haifungui koo linaloziba wala kuinua shinikizo la damu linaloporomoka. Dalili za ngozi zikiambatana na kifua au kizunguzungu, dawa ya kwanza ni adrenalini, na mtu hakai peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Kama hana adrenalini, ni hospitali hapohapo. Alikuwa amekwisha kushukiwa mzio unaofika kifuani, akaachwa aende nyumbani bila mpango wa dharura kwa kuwa majibu ya damu hayajatoka. Mpango wa maandishi haungehitaji kusubiri maabara.

Vipimo vya kawaida vya mzio navyo vina mipaka yake. Utitiri ulikuwa chanya kweli, na pengine unachangia hata leo, kwani chumba cha matangi kina unyevu ambao utitiri huupenda. Lakini chanya moja haimfuti mtuhumiwa mwingine. Na hasi ya nyama ya samaki ilijibu swali ambalo hakuna aliyepaswa kuliuliza: mtu huyu hakuwa na shida na samaki kama kitoweo, na himoglobini ya usubi haina uhusiano na protini inayowasumbua wenye mzio wa samaki.

Vilichunguzwa na vingine vinavyoweza kuumiza wafugaji: ukungu kwenye kuta zenye unyevu, utitiri wa ghalani unaozaliana kwenye chakula kilichokaa muda mrefu, na dawa za samaki zenye formalini, ambazo huchoma pua na macho bila mzio wowote. Formalini haikuwemo nyumbani. Ukungu ulikuwepo kidogo dirishani ukasafishwa, pumzi haikubadilika.

Limebaki suala la kamba na jamaa zao. Usubi, utitiri na kamba wote wana protini iitwayo tropomayosini, zenye kufanana kiasi kwamba kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya moja huweza kuishika nyingine. Mgonjwa anakula kamba bila dalili, na mtaalamu alimshauri aendelee, kwa kuwa mzio wake umeelekea kwenye himoglobini. Ila Artemia na krili vikavu vilimwasha pua kidogo alipojaribu chini ya uangalizi, basi navyo vimeachwa kwa umbo la unga. Krili anaruhusiwa akiwa ndani ya punje nzito zilizolowekwa. Kipimo cha damu kitarudiwa mwakani, na kabla ya hapo akiona mdomo unawasha baada ya kula kamba, ameelekezwa aache na arudi kliniki bila kusubiri tarehe.